Aliyejua Kutusubirisha

Shule zinapofunguliwa, maduka ya vitabu mjini Kisii hufurika wazazi wenye orodha mkononi. Kaa kidogo kando ya kaunta usikilize kinachoulizwa. Kijana wa kidato cha tatu anataka mwongozo kwanza. Diwani yenyewe ya hadithi fupi itanunuliwa pesa zikibaki. Mwongozo ni kijitabu chembamba kinachomfunulia kila kitu kabla hajasoma hadithi hata moja: nani mhalifu, nani msaliti, kisa kinaishaje, na taharuki imejitokeza wapi na wapi, moja, mbili, tatu, tayari kwa kukaririwa. Wengi waliisoma hivyo Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, na Mapambazuko ya Machweo inaelekea huko huko. Watoto wetu wanaweza kuifafanua taharuki kwenye karatasi ya mtihani, ila haijawahi kuwakosesha usingizi.

Sisi ilitukosesha. Ilikuwa jikoni kwa Magokoro, bibi yetu, upande wa Manga, na saa za kuchambua mboga za chinsaga ndizo zilizokuwa saa za emegano, hadithi za jadi. Kisa alichokipenda kuliko vyote kilimhusu mwanamke aliyeibiwa maziwa. Kila usiku kibuyu kilichoning'inizwa juu ya meko kilipungua, na kila asubuhi mlango ulikutwa umefungwa. Magokoro alianza kwa kumsifu mume wa nyumba ile: mpole, mchapakazi, mtu asiyetoka bila fimbo yake nzuri iliyoingia masizi nchani. Kisha akamleta mama mkwe mwenye ulimi mkali, akamleta mke mwenza, akamleta kikongwe aliyeishi peke yake kando ya mto, asiyeongea na mtu. Hapo sisi tulikuwa tumeshamaliza kesi. "Ni yule wa mtoni!" tulipaza sauti. Magokoro hakutukatalia wala hakutukubalia. Alinyofoa jani, akalitupa kwenye ungo, akauliza kwa upole: "Mmemwona?"

Hatukuwa tumemwona. Akaendelea taratibu, jani kwa jani, hadi wanakijiji walipoinuka na marungu kuelekea mtoni. Wakiwa njiani, msichana mmoja aliuliza swali dogo tu: fimbo inayotembea kwenye nyasi zenye umande ilipata wapi masizi? Jikoni palinyamaza. Tukatazamana, na kila mmoja wetu akawa anatamani asingekuwa amepaza sauti mwanzoni.

Ustadi wake nauona vizuri zaidi sasa. Hakutuficha kitu. Masizi aliyataja tangu mwanzo, lakini aliyatia ndani ya sifa, nasi mtu akisifiwa hatumchunguzi. Mtunzi mvivu huufungia ushahidi hadi ukurasa wa mwisho, kisha akautoa ghafla na kungoja makofi. Fundi anakuwekea mbele ya macho, halafu anaziachia chuki zako mwenyewe zikupoteze. Hukumu dhidi ya yule kikongwe ilikuwa yetu. Yeye alitupa tu nafasi ya kuitoa, na muda wa kuionea haya.

Nilipokuja kumsoma mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Unguja, niliona kama nimerudi kwenye ungo ule. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, na jicho la mkaguzi halikumtoka. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58, ikachapishwa 1960, na ndani yake mpelelezi Bwana Msa anakikabili kifo ambacho watu wako tayari kukitwika mzimu. Yeye hana haraka. Anawasha kiko chake, anauliza, anarudia kuuliza, anautafuta mkono wa binadamu mahali ambapo wengine wameshasalimu amri kwa vitisho vya kale.

Gusii yetu ingetosha kujaza diwani nzima ya namna hiyo. Mwaguzi Sakagwa, ambaye wazee husema alionyesha pale Getembe, ulipo mji wa Kisii, mahali majengo ya Wazungu yangekuja kusimama, alitoweka mwanzoni mwa karne iliyopita, na walikuwapo waliokataa katakata kwamba amekufa. Mwaka 1908 shujaa wetu Otenyo, kwa kuchochewa na mwaguzi wa kike Moraa, alimchoma mkuki Northcote, afisa wa Kiingereza. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na simulizi zetu zinasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Fundi wa kweli angekaa na visa hivi miaka, akipima kipi kitangulie na kipi kisubiri. Sisi tumevigeuza kuwa aya mbili za kusomwa kwenye sherehe, kabla ya hotuba ya mgeni wa heshima.

Ningeyalilia haya kama hasara ya fasihi tu, lakini ukosefu wa subira haukuishia vitabuni. Mei 2008, huku kwetu Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee wakauawa kwa tuhuma hizo hizo. Mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, mtu amepoteza sauti, na kabla ya swali la pili jibu limeshapatikana: ni yule anayeishi peke yake. Kijiji kizima kimesoma mwongozo. Hapatokei msichana wa kuuliza kuhusu masizi.

Sidai kwamba hadithi ingezima moto ule. Nasema tu kwamba palikuwa na shule moja iliyotufundisha kuingoja kweli ifike kwa miguu yake, na walimu wake walikuwa ni hao hao, wanawake wenye mvi, wanaokaa peke yao, wenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya jikoni. Leo sura hiyo yenyewe ndiyo ushahidi dhidi yao. Wajukuu wanawaogopa, nao wanawaogopa wajukuu, na jioni kila mmoja hufunga mlango wake mapema. Emegano haina pa kupitia. Tumewahukumu wasimulizi wetu kabla hawajamaliza kusimulia, kisha tunashangaa kwa nini vijana wetu hawawezi kuvumilia hadithi hadi mwisho.