Hongera, Waumini wa Mkunazini

Usharika huu wa Kianglikana wa Unguja ulianza kwa watoto: mwaka 1864 Sultani alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kanisa likaanza kujengwa palepale, chini ya mmisionari Edward Steere. Ibada ya kwanza ilisaliwa Krismasi ya 1877. Ukiingia, tazama nguzo za marumaru karibu na mlango: zimesimama kichwa chini, na inasimuliwa kwamba mafundi walizisimika Steere akiwa safarini bara. Vizuri hazikurekebishwa! Ila ninachowapongezea zaidi ni watu. Cecil Majaliwa, aliyeonja utumwa utotoni, alihubiri kwa Wayao, huko Ruvuma, na mwaka 1890 akapewa upadri.