Boma Lisiloruhusiwa Kuanguka

Ukifika Kisumu, msomaji, usikose kuingia katika Makumbusho ya mji huo, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna boma zima la Kiluo, liitwalo Ber-gi-dala, lililojengwa kwa msaada wa UNESCO: nyumba za wake watatu wa mtu mmoja, nyumba ya mwanawe wa kwanza, ghala na zizi. Mtu mwenyewe hakuwapo kamwe. Ni wa kubuniwa, kama mhusika wa hadithi. Basi na tulipime boma lake kama tupimavyo hadithi, tuulize kama linasema kweli.

Kwa umbo, linasema kweli. Kwa desturi nyumba ya mke mkubwa, mikayi, huelekea lango, na simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, huwa karibu na lango hilo. Ajuaye kusoma mpango huo hutambua cheo cha kila mtu bila kuambiwa. Lakini liko jambo ambalo umbo peke yake haliwezi kulionyesha, nalo ni kuchakaa.

Nyumba ya udongo huanza kuzeeka siku ile ile imalizikapo. Itazame kama tabibu amtazamavyo mgonjwa, nawe uanzie chini. Matone ya mvua yarukayo kutoka ardhini hula mguu wa kiambaza kidogo kidogo, hata ukuta ukabaki umesimama juu ya kiuno chembamba. Jeraha liko chini, lakini chanzo chake kiko juu: upenu ni mfupi, na mara nyingi nyasi zimeondolewa na kuwekwa mabati yasiyotokeza vya kutosha. Kisha tazama nyufa. Zile nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui ni udongo uliokauka upesi tu. Ufa ulionyooka kufuata nguzo una habari nyingine. Yamkini mchwa wamekwisha kuila nguzo hiyo. Na katika tambarare ya Kano, ambako udongo mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, ufa waweza kutoka katika ardhi yenyewe. Twaambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, lakini azibaye ufa bila kuuliza umetoka wapi, naye atajenga ukuta vile vile.

Dawa mbaya kupita zote ni lipu ya saruji. Udongo hunywa maji na kuyatoa tena juani. Saruji huyafungia ndani, fito zikaoza gizani, na siku lipu inapobanduka huondoka na kipande cha ukuta. Dawa ya kufaa ni ile ya zamani, udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, ukikandikwa kwa mikono ya wanawake mwaka hata mwaka. Ni kazi ya kuchosha, na wanaume waisifuo ni nadra kuishika.

Kazi hiyo ikikoma, mambo huwaje? Nenda Thimlich Ohinga, katika Migori, mahali palipoingizwa mwaka 2018 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zenye asili ya karne ya 16 hivi, zingali zimesimama. Nyumba zilizokuwa ndani yake zimetoweka, zimebaki alama za mashimo katika ardhi.

Wala usidhani kwamba kila nyumba ya namna hiyo iliangushwa na uzembe. Kwa desturi ya Waluo, wana huhama wakajenga maboma yao wenyewe, na wazee wakiisha kufa, nyumba zao huachwa zirudi ardhini. Mahali hapo huitwa gunda. Kuanguka kulikuwa sehemu ya maisha ya nyumba. Katika boma la makumbusho mwenye nyumba hawezi kufa, maana hakuishi, na kwa hiyo nyumba zake hazina ruhusa ya kuanguka. Hapo ndipo hadithi yake inapopunguka.

Laiti ningeulizwa, ningeomba nyumba moja ikandikwe mbele ya wageni na wanawake wenye ustadi huo, walipwe kama mafundi walipwavyo. Na nyingine, kando ya hiyo, iachwe kabisa. Mwanafunzi angerudi kila likizo kutazama imefika wapi.