Vyuo vya Sheria: Nani Apime, na kwa Faida ya Nani?

Suala la viwango vya vyuo vya sheria limezungumzwa sana tangu mwaka 2022, lakini limezungumzwa zaidi kama ugomvi wa wasomi wao kwa wao. Katika makala hii tunataka kulihakiki kama suala la siasa, yaani suala la nani anayepata haki na nani anayeikosa. Kada anayefanya kazi Kilolo, miongoni mwa wakulima wa mahindi, viazi na nyanya, hana budi kulielewa kinaganaga kama anavyoelewa suala la pembejeo.

Tuanze na ukweli wenyewe. Mwaka 2022 Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilitangaza matokeo ya watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 waliondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndugu Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Ndugu Harrison Mwakyembe ili ichunguze jambo hilo.

Mjadala uligawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema wahitimu wa siku hizi ni dhaifu na wavivu. Wa pili walisema taasisi inawakomoa vijana ili mawakili waendelee kuwa wachache na ghali. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zilishika matawi na kuliacha shina. Watahiniwa wale walikuwa na shahada za sheria zenye kutambuliwa. Dola moja iliukubali muhuri wa vyuo vyao, na dola hiyo hiyo, kwa mtihani mwingine, ikawaambia wengi wao kwamba hawajui. Mihuri hii miwili haiwezi kuwa ya kweli yote kwa wakati mmoja. Huo ndio mgongano tunaopaswa kuuchambua.

Historia inatusaidia. Elimu ya juu ya sheria katika nchi yetu ilianza Oktoba 1961, kwa wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chuo kile kilianza chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulezi wa London ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulileta kasumba ya kudhani kwamba sheria ni ile ya Mwingereza tu. Upande wa pili ulikuwa na nidhamu: aliyetoa jina lake alishiriki katika kupima kazi iliyofanywa kwa jina hilo.

Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini nayo imepitia njia ya ulezi. Chuo Kikuu cha Iringa kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini hadi mwaka 2013. Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha kilianza mwaka 2005 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Vyote viwili vimefundisha sheria, na vimemsogezea mtoto wa mkulima elimu ambayo zamani ilimlazimu kuifuata mbali. Hilo ni jambo jema, wala hakuna anayefaa kulibeza. Hoja yetu inahusu mfumo wenyewe. Chuo mama kinapoazima jina, je, kinaazima pia wahadhiri, vitabu na watahini? Au jina husafiri peke yake?

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu, na Tume hiyo imeonyesha kwamba ina meno. Mwaka 2017 ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Lakini ukaguzi wa majengo, vyeti vya wahadhiri na sifa za udahili ni ukaguzi wa vinavyoingia. Kinachotoka hupimwa na wengine. Stashahada za sheria zina baraza lake, shahada zina Tume, na sifa za mawakili zinaangaliwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kila mlango una bawabu wake, lakini hakuna bawabu anayeulizwa kijana alipotelea mlango gani.

Gharama ya upungufu huu hulipwa na nani? Mtoto wa tajiri akianguka Dar es Salaam, atarudia. Mtoto wa mkulima wa Kidabaga ameuza mahindi, amekopa, amelipa pango, na akianguka anarudi na deni. Nyuma yake kuna kijiji kizima kinachohitaji mtu wa kukisomea sheria. Kilolo ni wilaya ya mashamba ya miti, na ardhi inatafutwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji inapohamishwa kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Mwanakijiji asiyelijua hilo hunyoosha mkono tu. Tena tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha migogoro ya ardhi bila kuitolea hukumu. Usuluhishi ukishindikana, mkulima hulazimika kwenda ngazi ya juu, ambako mwenye wakili hutangulia.

Mwaka huo huo wa 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Vyuo bado vinafundisha sheria kwa Kiingereza. Hivyo tunawapima vijana kwa lugha ya jana, wakati kazi inayowangoja ni ya kumtetea mkulima kwa lugha yake.

Wapo wanaosema dawa ni kubana udahili. Kubana peke yake kutawaacha waliosoma shule za gharama kubwa na kuwatupa wengine, na huko ni kujenga tabaka kwa jina la ubora. Wengine wanasema mtihani ulegezwe. Huko ni kumpelekea mkulima wakili asiyejua, na mnyonge ndiye atakayepoteza shamba.

Tunaona kazi ni tatu. Kwanza, chuo kinachotoa jina lake kwa kingine kiwajibike kwa mitihani yake, na matokeo ya wahitimu wa kila chuo katika mafunzo ya uwakili yatangazwe wazi. Pili, Tume na Baraza la Elimu ya Sheria viwe na kipimo kimoja tangu mwaka wa kwanza, ili anayehitaji msaada aupate kabla hajamaliza ada. Tatu, Kiswahili na sheria ya ardhi ya vijiji viwe sehemu ya kipimo hicho.

Makada nao wana wajibu wao. Sheria isisubiri mawakili. Isomwe katika matawi na mikutano ya vijiji, kwa lugha nyepesi, ili siku chuo kikitoa wakili bora, akute umma unaojua la kumuuliza.