Sifa ya Mdakaji

Mji wa Guangzhou, ambao mabaharia wa Siraf na Oman waliujua zamani kwa jina la Khanfu, ulifikiwa na majahazi yaliyoongozwa na manahodha waliozisoma nyota na kuikumbuka miamba. Na katika kila jahazi walikuwamo mabarobaro wenye nguvu za kutweka tanga na kuvuta amari kuliko nahodha wao, ambao tajiri mwenye shehena, pamoja na kuwasifu, asingewakabidhi usukani. Suala la tajiri huyo ndilo lililomkabili kocha Cho Bum-hyun wa Korea ya Kusini mwezi wa Novemba 2010, alipokileta kikosi chake cha besiboli katika mji huohuo kwa Michezo ya Asia.

Katika besiboli mrushaji husimama juu ya kichuguu, na mita 18 hivi mbele yake, nyuma ya mpigaji, huchutama mdakaji. Mtazame huyo wa pili, maana wengi hawamtazami. Uso wake umo ndani ya barakoa ya chuma, kifua kimefunikwa mfano wa deraya, mkono wa kushoto umevaa glovu nene, na wa kulia ameuficha kati ya mapaja, humo akimwashiria mrushaji kwa vidole: huu uje kwa kasi, huu upinde, huu uzame. Mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia kabla nusu ya nukta haijatimia. Ukija chini ukagonga vumbi, mdakaji hodari hajishughulishi kuunyaka. Hutupa magoti ardhini, hukunja mabega, akaupokea kwa kifua ili uanguke pale pale mbele yake, na hakuna anayempigia makofi. Huchutama na kuinuka hivyo zaidi ya mara mia katika mechi moja.

Kocha Cho alikuwa na wadakaji wawili. Kang Min-ho alikuwa na umri wa miaka 25, mwenye mkono mkali na gongo zito. Park Kyung-oan alikuwa na miaka 38. Mwaka ule ule alikuwa mdakaji wa kwanza katika ligi ya Korea kutimiza mipira 300 iliyovuka ua wa uwanja, lakini kano ya kisigino chake ilikuwa imeumia, na kazi yake ni ya kuchutama. Kocha akamchagua Park.

Nadhani Beijing ya 2008 haikuwa imesahaulika. Katika fainali ya Olimpiki Korea iliongoza Kuba 3 kwa 2, zamu ya mwisho, Wakuba wamejaa katika vituo vyote vitatu, mmoja tu amekwisha kutolewa. Hapo Kang, kwa uchungu wa kuipenda timu yake, akamjibu mwamuzi, naye akafukuzwa uwanjani. Aliyeingia badala yake ni Jin Kab-yong, mwenye miaka 34 na msuli wa paja ulioumia. Akachutama, akaita mpira, Mkuba akaupiga chini, wakatoka wawili kwa mkupuo mmoja, na dhahabu ikawa ya Korea. Simlaumu Kang, kwani hamu ile ile iliyomponza ndiyo iliyomfanya mchezaji mkubwa.

Wako wanaodhani kwamba uthabiti ni kipawa kilichopoa, kitu anachobaki nacho mtu baada ya kuishiwa na nguvu. Mimi siafiki. Uthabiti ni ufundi wenye tajriba yake, nao hujengwa kwa maelfu ya mipira iliyopokewa kwa kifua. Utu uzima dawa, walisema wazee wetu, na dawa haikosi mchumaji. Wala kocha hakuwadharau vijana: aliwaweka pale ambapo kosa la mmoja laweza kufidiwa na mwenziwe, na mkongwe akamweka pale ambapo kila mpira hupita.

Katika fainali ya tarehe 19 Novemba dhidi ya Taiwan, Ryu Hyun-jin, mrushaji mwenye kipawa wa miaka 23, aliyumba akafungwa mikimbio mitatu katika zamu nne. Yoon Suk-min akampokea, naye hakufungwa hata mmoja, akiirushia glovu ile ile ya Park. Kang Jung-ho, kijana mwingine wa miaka 23, aliuvusha mpira ua mara mbili. Korea ikashinda 9 kwa 3.

Dhahabu ile iliwaondolea vijana kama Choo Shin-soo na Kang Jung-ho utumishi wa jeshi wa takriban miaka miwili. Park hakuwa na deni hilo. Alirudi kwao, na kano ya kisigino ikafanyiwa upasuaji.