Kuzindua na Kusikiliza: Albamu za Kwaya Zetu mbele ya Wapenzi wa Muziki

Albamu ya nyimbo za Injili hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa siku ya uzinduzi, kwa fedha na ahadi zilizotolewa na mgeni rasmi pamoja na wageni waalikwa. Mara ya pili hupimwa pasipo mgeni rasmi wala kipaza sauti, pale mtu anapomwuliza mwenzake: "Juma hili umesikiliza nini?" Kipimo cha kwanza twakifahamu sana, tunakitangaza katika ibada kwa majuma mengi kabla siku haijafika. Kipimo cha pili twakidharau. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho cha pili ndicho cha kweli, na kwamba Kanisa, hasa sisi tunaowaandaa wachungaji na walimu wa muziki, hatuna budi kukitega sikio.

Desturi ya kuambiana

Hapa Songea, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi yetu, wapenzi wa muziki wana desturi ya kuambiana walichosikiliza. Vijana hutajiana albamu wanapotoka ibadani, katika vituo vya bodaboda, na siku hizi katika makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya sharika. Mmoja atataja kwaya ya Dar es Salaam, mwingine mwimbaji binafsi wa Injili, mwingine muziki wa dansi wa enzi za wazazi wake. Watu wazima husikia mazungumzo hayo na kuyahesabu kuwa ni porojo za vijana wasio na kazi.

Lakini desturi hii si ya jana. Wimbo wa lizombe wa Wangoni haukuwa na kanda wala santuri. Ulifika kijiji cha pili kwa sababu aliyeusikia aliweza kuurudia na kuwaambia wenzake alikousikia. Baadaye ilikuja redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipata jina hilo mwaka 1965, na Tanzania Bara haikuwa na redio za watu binafsi mpaka ilipotungwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993. Katika miaka hiyo yote wapenzi wa muziki walikuwa na kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya wale anaowasalimu na mahali waliko, akataja wimbo autakao, akaongeza na ujumbe mfupi. Kilikuwapo pia kipindi cha Ugua Pole, ambacho kilipeleka salamu na nyimbo kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini.

Tuiangalie kadi hiyo kwa makini, maana ina fundisho. Aliyeiandika hakutosheka kusema kwamba anaupenda wimbo fulani. Alisema kwamba wimbo huo anampelekea fulani, wa mahali fulani. Wimbo ulikuwa na mpokeaji mwenye jina. Hivyo mtuma salamu alilazimika kufanya kazi ambayo wahakiki wengi hawaifanyi: kujiuliza kama maneno ya wimbo ule yalimfaa yule mtu. Asingempelekea mfiwa wimbo wa mzaha, wala mgonjwa wimbo wa kumtisha. Alikuwa mhakiki pasipo kujiita mhakiki.

Uzinduzi na hasara zake

Sasa tuugeukie uzinduzi. Nisieleweke kwamba naupinga wenyewe kwa wenyewe. Kwaya zetu hazina mfuko. Studio hudai malipo, vyombo vina gharama, na safari ya kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 900. Washarika wanapokusanyika na kuchangia, wanafanya jambo jema, na mgeni rasmi anayenunua nakala ya kwanza kwa bei kubwa hafanyi dhambi.

Hasara yaanzia mahali pengine. Mgeni rasmi hununua ili kuchangia. Hanunui ili asikilize. Nakala yake hurudi naye nyumbani, huwekwa kabatini, na mara nyingi hukaa humo. Kwaya nayo, fedha zikisha kuhesabiwa, huamini kwamba albamu imefaulu, kisha huanza kufikiri juu ya nyingine. Katika mzunguko huo wote hapana hata mtu mmoja aliyetakiwa aseme kama nyimbo zile ni nzuri. Tena akitokea wa kusema, ataambiwa kwamba hii ni kazi ya Mungu, nayo haikosolewi.

Matunda ya ukimya huo tunayasikia. Kinanda hupigwa kwa mtindo ule ule katika albamu baada ya albamu, hata msikilizaji hawezi kujua wimbo mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Shairi moja huanza na Adamu bustanini, hupita kwa Nuhu, Musa na Danieli, na kuishia katika Ufunuo, na njiani halikumweleza msikilizaji hata neno moja lililokamilika. Hayo ni makosa ya ufundi, na ufundi hufundishika.

Lipo kosa zito zaidi, nalo ni la mafundisho. Nyimbo nyingi za Injili zinazovuma katika miaka hii ni nyimbo za maadui. Mwimbaji ameonewa, majirani wamemsengenya, ndugu wamemroga. Lakini Mungu amemwinua, na wote waliomcheka sasa wametahayari. Ni kweli kwamba Zaburi nazo zina kilio cha mwenye kuonewa. Lakini mwenye Zaburi humletea Mungu kilio chake na kumwachia hukumu. Nyimbo hizi humfanya msikilizaji aikague mitaa akimtafuta adui. Katika nchi ambayo wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, jambo hili si dogo. Kwaya inayoimba kwamba jirani ndiye chanzo cha umaskini wako imehubiri, na mahubiri yake yamerudiwa nyumbani mara nyingi kuliko mahubiri ya mchungaji. Siku ya uzinduzi nani atalisema hilo? Lakini muulize kijana aliyeisikiliza albamu hiyo juma zima akifua nguo au akiendesha pikipiki. Yeye atakuambia ni maneno gani yaliyobaki kichwani mwake, nawe utajua kwaya imepanda mbegu gani.

Nyimbo zilizopita kwa mlango wa sikio

Kwa upande mwingine, yafaa tuzitazame nyimbo zilizodumu kwa sababu watu walizisikiliza na kuambiana habari zake.

Mfano wa kwanza ni Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Ulyankulu ni makazi yaliyowapokea wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Kanda za kwaya hiyo zilienea nchini kwa kupokezana mkono kwa mkono, na madhehebu hayakuzizuia: Mlutheri aliziazima kwa Mpentekoste, na Mkatoliki kwa Mlutheri. Zilivuta watu kwa sauti zilizopangwa vema na kwa uzito wa watu walioimba habari za safari na nyumba ya milele huku wakijua maana ya kupoteza nyumba ya hapa duniani.

Mfano wa pili watoka katika nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa theolojia wa Makumira, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka uitwao "Mfurahini, Haleluya". Haukuwa na uzinduzi. Uliimbwa, ukapendwa, ukaimbwa tena. Mmisionari Howard Olson, aliyewahimiza wanafunzi wake kutunga kwa tuni za kwao, aliufasiri kwa Kiingereza, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Wajerumani nao wanao kwa lugha yao. Watu waliousikia waliwaambia watu wengine, nao wakaupokea kama mali yao.

Mfano wa tatu utawashangaza wasomaji kadhaa, kwa kuwa haukutoka kanisani. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978, alikuwa mwanamuziki wa dansi wa bendi ya Super Matimila. Katika miaka yake ya mwisho aliziimba nyimbo za Injili, akafariki dunia Desemba 2010. Lakini wimbo wake ambao wapenzi wa muziki hawaachi kuutaja ni wa zamani, nao waitwa "Kifo". Kijana wa kwaya akiulizwa na mchungaji amesikiliza nini, atataja kwaya na kuuficha wimbo huo. Kwa nini auficha? Katika wimbo huo mwanadamu anasimama mbele ya mauti bila kujifanya shujaa, akilia kwa ajili ya walioondoka. Albamu ngapi za Injili zimethubutu kukaa na mfiwa namna hiyo kabla ya kumkimbiza kwenye ushindi? Theolojia ya msalaba, ambayo sisi Walutheri twajivunia, yatutaka tuite jambo kwa jina lake. Mpiga gitaa wa dansi alilifanya hilo kuliko baadhi yetu.

Maandiko na Matengenezo

Mtume Paulo hakuona aibu kuzungumza juu ya vyombo vya muziki. Katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anataja filimbi na kinubi, na kuuliza kama sauti zake zisipopambanuka, mtu atatambuaje kinachopigwa. Katika sura iyo hiyo anaagiza kwamba manabii wanenapo, wengine wapambanue. Iwapo unabii wenyewe wapaswa kupimwa na wasikilizaji, je, albamu ya kwaya iwe juu ya unabii? Naye nabii Amosi, katika sura ya 5, ametuonya kwamba zipo nyimbo ambazo Mungu mwenyewe hataki kuzisikia, kwa kuwa haki imekosekana kati ya waimbaji.

Martin Luther naye, alipomwandikia mtunzi Ludwig Senfl mwaka 1530, aliuweka muziki karibu na theolojia kuliko elimu nyingine yoyote. Kitabu cha kwanza cha nyimbo za Matengenezo, cha mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo nane tu, nne kati yake zikiwa za Luther. Nane ni idadi ya nyimbo za kanda moja ya kwaya zetu! Lakini nyimbo hizo zilishikwa na watu wa kawaida, wakaziimba majumbani na sokoni, na mafundisho yakasafiri ndani yake.

Neno kwa wapenzi wa muziki

Nisiwasifu wapenzi wa muziki pasipo kuwaonya. Udhaifu wao wa kwanza ni kuhesabu. Mtu hutaja albamu sita alizosikiliza juma hili kama mfugaji anayehesabu ng'ombe, wala hawezi kueleza habari ya hata moja. Udhaifu wa pili ni neno "imenibariki". Ni neno zuri, ila limekuwa mlango wa kukimbilia. Imekubariki kwa neno gani, na imekutuma kufanya nini? Udhaifu wa tatu ni wizi. Kuichukua kazi ya kwaya katika flashi na kuisambaza bila malipo ni kumnyima mtenda kazi ujira wake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 hailisemi jambo hilo kwa mafumbo. Anayeipenda albamu hana budi kuilipia. Tena kwaya zikilipwa na wasikilizaji wake, hazitamtegemea mgeni rasmi peke yake.

Pendekezo

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kwaya isiende studio kabla nyimbo zake hazijaimbwa usharikani kwa miezi kadhaa. Wimbo ambao usharika haukuweza kuukumbuka kwa muda huo bado haujaiva, na kuurekodi ni kupoteza fedha za washarika. Pili, katika vyuo vyetu, wanafunzi wa theolojia waambiane kila juma albamu waliyosikiliza, iwe ya kwaya, ya mwimbaji binafsi au ya dansi, na kila mmoja ajibu maswali matatu. Ni wimbo upi niliourudia mwenyewe, chombo kikiwa kimezimwa? Je, maneno yake naweza kuyahubiri mimbarani bila kuona haya? Na wimbo huu ningempelekea nani?

Swali la tatu ndilo la mtuma salamu, nalo lina uzito kuliko yale mawili. Mwanafunzi atakayelijibu vema atakuwa amejifunza kazi ya uchungaji, maana mchungaji naye huchagua neno kwa ajili ya mtu mwenye jina na mahali alipo. Na kwaya itakayotunga huku ikimfikiria mjane mmoja wa mtaani kwake, au mgonjwa mmoja aliyelazwa, haitakuwa na nafasi ya kumtafutia adui. Itakuwa na kazi ya kutosha kutafuta neno litakalomfaa.