Maneno Yanayozunguka Muhuri

Jina la shule, sanduku la posta na mji: vyote lazima vienee kwenye ukingo wa muhuri usiozidi kifuniko cha chupa. Fundi mihuri huchora duara kwenye Inkscape, programu ya bure iliyotoka 2003, akayakalisha maneno juu ya mstari.

Ya juu hutulia. Ya chini husimama kichwa chini miguu juu, maana herufi hufuata mwelekeo wa mstari. Basi huchora duara la pili, kubwa kidogo, akageuza mwelekeo wake. Sasa vichwa vya herufi za juu vimeachana, vya chini vimebanana. Huzisogeza moja moja, kwa subira ya kustahili heshima.

Mwisho huugeuza mchoro kama kwenye kioo, ndipo mpira wa muhuri uchongwe.

Shuleni muhuri hugongwa kwenye cheti cha mwanafunzi. Mzazi hukipokea, akakikunja.