Visa Vitangulizi vya Watchmen na Haki ya Mtunzi

Suala la milki ya kazi ya sanaa limejadiliwa zaidi na wanasheria kuliko wahakiki. Hata hivyo, mkataba huweza kueleza nani ana ruhusa ya kuchapisha; hauwezi kueleza iwapo kilichochapishwa kina haja ya kuwapo. Mfano unaostahili kuchunguzwa ni Before Watchmen, mfululizo wa visa vitangulizi ambao kampuni ya DC Comics ya Marekani ilianza kuutoa Juni 2012, ijapokuwa Alan Moore, mwandishi wa kazi ya asili, aliupinga waziwazi.

Watchmen, hadithi ya picha iliyoandikwa na Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, Waingereza wote wawili, ilitoka katika matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Kwa mujibu wa mkataba, haki zingewarudia watunzi endapo kitabu kingeacha kuchapishwa kwa muda uliowekwa. Zama hizo hadithi za aina hii hazikudumu madukani, na sharti hilo lilionekana kuwa jepesi. Lakini Watchmen haikuacha kuchapishwa. Hivyo basi, kufaulu kwa kazi ndiko kulikowanyima watunzi kazi yao. Gibbons, kwa upande wake, alisema kwamba hadithi ya asili ilikuwa kamili, lakini akawatakia heri waandishi wapya.

Wateteao visa hivyo wana hoja mbili nzito. Kwanza, wahusika wa Watchmen wana mizizi kwingine: Moore aliwakusudia wahusika wa kampuni ya Charlton, ambao DC ilikuwa imewanunua. Pili, Moore mwenyewe, katika The League of Extraordinary Gentlemen iliyoanza 1999, aliwatumia Nemo wa Jules Verne na Dakta Jekyll wa Robert Louis Stevenson. Aliyekula cha wenzake, wanadai, asizuie chake kuliwa.

Hoja ya kwanza, ikitazamwa vyema, huwageukia wenyewe. DC ilikataa wahusika wa Charlton wasitumiwe kwa sababu hadithi ya Moore ingewaacha wakiwa wamekufa au wameharibika, wasifae tena kwa biashara. Moore akalazimika kuumba wengine. Wahusika walioumbwa kusudi waishie hapo ndio waliorudishwa sokoni baada ya robo karne. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Hoja ya pili haijibiwi kwa kusema tu kwamba Verne na Stevenson walikwisha kufa. Jibu limo katika fani. Moore huwaondoa wahusika wa watu katika makao yao na kuwatia katika muundo mpya. Msomaji wa Verne hapunguziwi chochote. Kisa kitangulizi hakina makao yake: husimama juu ya msingi wa kazi ya asili na kudai kueleza kilichonyamaziwa humo.

Na katika Watchmen, ukimya huo ni sehemu ya usanii. Wakati uliopita umekwisha kusimuliwa humo, ila kwa vipande: kumbukumbu za Hollis Mason zilizowekwa mwishoni mwa sura za mwanzo, mazishi ya Comedian, ambapo kila mwombolezaji anamkumbuka marehemu kwa namna yake, utoto wa Rorschach, unaojitokeza katika mazungumzo na daktari gerezani, na Dakta Manhattan, ambaye kwake jana na kesho ni kitu kimoja. Msomaji ndiye anayeunganisha vipande hivi. Mwandishi atakayevipanga kwa mfuatano na kuziba mianya humpokonya msomaji kazi aliyopewa na mtunzi.

Fasihi ya Kiswahili inacho kipimo cha kulinganishia. Katika takhmisa, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake na kuitangulizia mitatu yake. Huu nao ni utangulizi wa namna yake, na haujahesabiwa kuwa wizi. Lakini masharti yake ni makali: maneno ya asili hubaki kama yalivyo, vina na mizani hutoka kwake, na neno la mwisho katika kila ubeti ni la mtunzi wa kwanza. Anayetia takhmisa hujifunga kwa utungo anaouheshimu. Before Watchmen ilichukua majina na sura za wahusika, lakini haikujifunga kwa muundo.

Si haki, hata hivyo, kuvihukumu visa vyote kwa pamoja. Minutemen ya Darwyn Cooke inamwonyesha Mason akihangaika kuamua ni ukweli upi atakaouweka katika kitabu chake na upi atakaouficha. Hapa ukimya wa kazi ya asili haukuzibwa tu. Umefanywa kuwa maudhui. Cooke alithibitisha kwamba jambo hili lawezekana, na kwa hiyo waandishi walioshindwa hawana udhuru.

Inabainika basi kwamba pingamizi la mtunzi si amri kwa mhakiki, wala hati ya mchapishaji si cheti cha ubora. Pingamizi hilo lafaa kusomwa kama ushahidi kuhusu umbo la kazi: mtunzi anasema imekwisha. Anayeiendeleza ana wajibu wa kuonyesha, kwa kazi yenyewe, kwamba haikuwa imekwisha. DC ilikuwa na ruhusa. Wajibu huo, isipokuwa kwa Cooke, haukutimizwa.